Mafua makali, kisukari na damu inayoganda pasipotakiwa

Barua nyingi za toleo hili zimezunguka jambo moja: mwenye kisukari anayeugua virusi vya njia ya hewa, iwe korona au influenza, na donge la damu linalomvizia wakati wa ugonjwa au baada ya homa kushuka. Tumezijibu kwa pamoja. Sukari tumeiandika kwa mmol/L. Kama mashine yako inasoma mg/dL, zidisha namba zetu kwa 18.

Ugonjwa wa kifua umefikaje mguuni?

*Shikamoo daktari. Baba ana miaka 61 na anaishi na kisukari kwa miaka 12 sasa. Alishikwa na korona, akajiuguza nyumbani, homa ikashuka. Siku ya tisa mguu wa kushoto ukavimba; siku ya kumi na moja akakosa pumzi ghafla. Hospitali wakasema donge la damu limetoka mguuni likaenda mapafuni. Ugonjwa ulikuwa wa kifua, mguu umeingiaje? Na kisukari kina mkono gani hapo? – Binti yake*

Marahaba. Madaktari wana hesabu ya zamani ya mambo matatu, inayobeba jina la Mjerumani Rudolf Virchow wa karne ya 19: damu kutembea polepole, ukuta wa ndani wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Wengi wanaopata donge huwa na moja au mawili. Baba yako alikuwa nayo yote, na mengine alikuwa nayo kabla hajakohoa hata mara moja.

Anza na kisukari. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu hunata kwenye protini za damu, mojawapo ikiwa fibrinojeni, ambayo ndiyo malighafi ya nyuzi za donge. Nyuzi hizo zikishanatwa na sukari hufumwa kwa kubanana, na donge linalotokea huwa gumu kuyeyuka. Mwili una mfumo wake wa kuyeyusha madonge, lakini mwenye kisukari, hasa mwenye unene, huwa na wingi wa protini iitwayo PAI-1 ambayo kazi yake ni kuuzuia mfumo huo. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoshikana kuziba jeraha, nazo hushikana kwa kichocheo kidogo tu. Ukuta wa mishipa, ambao kwa kawaida hutoa oksidi ya nitriki ili chembe hizo zisigandamane, unatoa kidogo.

Halafu virusi vinaingia. Kinga inawasha mchochota, yaani ule mwako wa ndani wa mwili unaopambana na vijidudu. Ini linaitikia kwa kumwaga fibrinojeni zaidi, na seli za kinga pamoja na za ukuta wa mishipa zinatoa protini inayoanzisha mnyororo mzima wa kuganda. Homa inamkausha mgonjwa maji, na sukari iliyopanda inamkausha mara ya pili kupitia mkojo. Na amelala. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayorudisha damu juu kwenye moyo. Mtu akikaa kitandani wiki nzima, pampu hiyo imezimwa, na damu inatuama kwenye vena za ndani za mguu, yaani mishipa inayoirudisha moyoni. Donge likikatika hapo hupanda hadi upande wa kulia wa moyo, na kituo kinachofuata ni mapafu. Kwa hiyo ugonjwa haukushuka mguuni. Mguu ndio ulikuwa mahali palipokuwa tayari.

Siku ya tisa nayo si ya ajabu. Kwa korona mchochota mara nyingi hupanda wiki ya pili, wakati homa imeshashuka na walio nyumbani wameacha kuwa macho. Influenza ina tabia tofauti kidogo: utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 uliona kwamba uwezekano wa kulazwa kwa mshtuko wa moyo ulikuwa takriban mara 6 katika siku 7 za kwanza baada ya maambukizi kuthibitishwa, ukilinganishwa na vipindi vingine vya watu walewale.

Lakini tusikitwishe kisukari kila kosa. Kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, ambako hutokea mshtuko wa moyo na kiharusi, kisukari ni mshtakiwa mkuu. Kwenye vena, kama mguu wa baba yako, mchango wake peke yake ni mdogo. Kulala, kukauka maji na mchochota vina uzito zaidi.

Nimeanza aspirini mwenyewe

*Nina kisukari aina ya pili, miaka 47. Nilipopata mafua makali nilianza kumeza aspirini kila siku ili kupunguza damu isigande. Niendelee mpaka lini? – Msomaji*

Kama aspirini uliandikiwa na daktari kwa sababu uliwahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi, au umewekewa stenti, usiiache hata siku moja kwa ajili ya mafua. Kama umeianza mwenyewe kwa sababu ya virusi, iache.

Jambo hili lilipimwa. Jaribio la Uingereza liitwalo RECOVERY liliwagawa kwa bahati nasibu karibu wagonjwa 15,000 wa korona waliolazwa: nusu walipewa miligramu 150 za aspirini kila siku, nusu hawakupewa. Baada ya siku 28, vifo vilikuwa sawa, asilimia 17 kila upande. Madonge yalipungua kutoka asilimia 5.3 hadi 4.6, lakini kuvuja damu kukubwa kuliongezeka kutoka asilimia 1.0 hadi 1.6. Ulichookoa huku umekipoteza kule.

Sababu iko kwenye muundo wa donge. Aspirini inazituliza chembe sahani, ambazo ndizo zinazoongoza kwenye ateri. Donge la vena limejaa zaidi nyuzi za fibrini na chembe nyekundu, na dawa zinazolizuia ni za jamii ya heparini. Hata neno “kupunguza damu” linapotosha. Hakuna dawa kati ya hizi inayoifanya damu iwe nyepesi kama maji. Zinachelewesha tu kuganda, kila moja mahali pake. Mgonjwa aliyelazwa kwa maambukizi makali ya kifua kwa kawaida huchomwa heparini ya kinga. Aliye nyumbani, anayetembea, asiye na historia ya madonge, kwa kawaida hapewi chochote cha namna hiyo, hata kama ana kisukari. Kinga yake ni maji, miguu na sukari iliyodhibitiwa.

Homa itulize kwa parasetamoli, gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Mwenye ini bovu au uzito chini ya kilo 50 apewe kidogo zaidi. Ibuprofeni na diklofenaki ziepuke: zinaumiza figo zilizokauka maji, na zikikutana na aspirini zinachimba tumbo. Vidonge vya kitunguu saumu au tangawizi vya dozi kubwa navyo huongeza kuvuja damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na mtoto au kijana mwenye mafua asipewe aspirini kabisa. Inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sili kitu lakini sukari iko 17

*Tangu juzi sina hamu ya kula, nimekunywa uji kidogo tu. Nimeacha insulini kwa kuogopa sukari kushuka, lakini mashine inasoma 17. Inatoka wapi? – Mama wa watatu*

Inatoka kwenye ini lako, mama. Mwili unaougua humwaga kotisoli na adrenalini, na homoni hizo huliamuru ini lifungue ghala. Wakati huohuo zinaidhoofisha insulini. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya siku za ugonjwa ni kwamba insulini ya muda mrefu haiachwi, hata usipokula. Ya kabla ya mlo hurekebishwa kulingana na ulichokula na kipimo kinavyosema. Rudi kwenye insulini yako ya msingi leo, na kliniki yako ikuambie nyongeza.

Pima sukari kila baada ya saa 4, usiku pia. Nawa mikono kwanza, kwa sababu kidole chenye mabaki ya tunda au soda husoma juu. Wanaomeza vitamini C ya dozi kubwa wakati wa mafua nao wajue kwamba baadhi ya mashine hudanganyika na kuonyesha sukari kubwa kuliko iliyopo, na mtu akijichoma insulini kwa namba hiyo anaweza kuanguka. Kunywa mililita 100 hadi 200 za maji kila saa ukiwa macho, isipokuwa kama daktari amekuwekea kikomo cha maji kwa ajili ya moyo au figo. Kama huwezi kula na sukari iko chini ya 10, kinywaji chenye sukari kwa kiasi kidogo kidogo ni sahihi. Ikiwa juu, maji matupu au mchuzi.

Kama una vijiti vya damu vya kupimia ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza unapokosa insulini ya kutosha, chini ya 0.6 ni salama. Kati ya 0.6 na 1.5 rudia baada ya saa 2. Kuanzia 1.5 piga simu kliniki. Ikifika 3.0, nenda hospitali bila kungoja asubuhi. Usiyekuwa na vijiti ongozwa na mwili: kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi ndefu za haraka, harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi mdomoni.

Vidonge vina sheria zake. Metformini isimamishwe ukitapika, ukiharisha au ukishindwa kunywa, kwa sababu figo zikilegea asidi ya laktiki hujikusanya. Empagliflozini na dapagliflozini zisimamishwe mapema zaidi: zinaweza kuleta ketoni za hatari hata sukari ikiwa karibu na kawaida, na zinaendelea kutoa maji kwenye mkojo. Zote hurudishwa baada ya saa 24 hadi 48 za kula na kunywa vizuri. Glibenklamidi na gliklazidi ndizo zinazoangusha sukari ya asiyekula. Uliza kliniki kipimo kipunguzwe kwa kiasi gani.

Na hili linahusianaje na madonge? Moja kwa moja. Mzee mwenye kisukari aina ya pili anayeachwa na sukari inayopanda hadi 30 na zaidi, akikojoa sana na kusinzia, amefika kwenye hali ambayo damu imekolea kiasi kwamba hospitali humchoma heparini ya kinga pamoja na kumrudishia maji, isipokuwa kama kuna sababu ya kutofanya hivyo.

Neno moja kuhusu deksamethasoni, dawa ya kutuliza mchochota. Kwa korona inasaidia wanaohitaji oksijeni, miligramu 6 kwa siku, isizidi siku 10. Asiyehitaji oksijeni haimsaidii, na sukari yake inapanda, mara nyingi mchana na jioni. Kuinunua na kuimeza nyumbani “kwa ajili ya kifua” ni kujichongea.

Miguu yangu imekufa ganzi, nitajuaje?

*Mnasema tuangalie maumivu ya mguu. Mimi nina ganzi tangu vidoleni hadi magotini. Nitajuaje kama kuna donge? – Mstaafu, miaka 66*

Swali zuri, mzee wetu, maana vipeperushi vingi vinawasahau walio kama wewe. Usisikilize mguu, utazame na uupime. Chukua utepe wa fundi cherehani. Chini ya pia ya goti kuna kinundu cha mfupa. Hesabu sentimita 10 kutoka hapo kwenda chini, zungushia utepe, andika namba ya kila mguu. Fanya hivyo leo ukiwa mzima ili uwe na namba ya kulinganishia. Wakati wa ugonjwa pima kila asubuhi. Mguu mmoja ukiuzidi mwingine kwa zaidi ya sentimita 3, au ukawa na joto na wekundu upande mmoja tu, nenda ukafanyiwe ultrasaundi ya vena. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, mara nyingi tatizo ni moyo, figo au dawa, nayo pia ichunguzwe. Mtu asiukande mguu huo, wala asiuchue kwa mafuta.

Mguu ukiwa baridi, umepauka au umegeuka rangi, hilo ni tatizo la ateri na ni la haraka zaidi. Hesabu ni ya saa chache, zikipita mguu unaweza kupotea.

Mapafuni, kinachotofautisha donge na kikohozi cha kawaida ni ughafla: mtu aliyekuwa anapata nafuu anaishiwa pumzi, moyo unakwenda mbio, kifua kinachoma anapovuta hewa, pengine anakohoa damu au anazimia. Kipima oksijeni cha kidoleni kinasaidia ikiwa kidole ni cha joto na hakina rangi ya kucha. Chini ya asilimia 94 wasiliana na daktari. Chini ya 90 ni dharura.

Mishipa ya fahamu ya moyo nayo huweza kufa ganzi kwa kisukari. Mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu ya kifua, ukajionyesha kwa jasho jembamba la baridi, kichefuchefu, uchovu wa ghafla, au sukari kupanda bila sababu.

Mdomo ukienda upande, mkono ukaanguka au maneno yakavurugika, walio nyumbani wapime sukari palepale, kwa sababu sukari ya chini inaiga kiharusi. Ikiwa chini ya 4 na mgonjwa anameza, apewe gramu 15 hadi 20 za sukari, na safari ya hospitali isisubiri matokeo. Waandike saa ya mwisho alipoonekana mzima. Dawa ya kuyeyusha donge la ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na swali la kwanza watakaloulizwa mlangoni ni hilo la saa.

Sindano mbili tumboni

*Mume wangu ameruhusiwa na enoksaparini ya kuchoma nyumbani. Tayari anachoma insulini. Je, zinaweza kuchanganywa? – Mke*

Hapana, kamwe si katika bomba moja. Tumbo linatosha zote mbili: kama insulini imekwenda kulia, enoksaparini, ambayo ni ya jamii ya heparini, iende kushoto, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, na kesho mbadilishe. Epukeni vinundu vilivyosababishwa na insulini, maana dawa ikiingia hapo hunyonywa ovyo.

Bomba lililojazwa tayari lina kipovu cha hewa, kiacheni. Kikitolewa, dawa kidogo hutoka nacho na kipimo kinapungua. Alale chali au aketi akiegemea, abane mkunjo wa ngozi kwa vidole viwili, sindano iingie wima yote, asukume taratibu, na mkunjo usiachiwe mpaka sindano itoke. Pasisuguliwe. Kusugua ndiko kunakoleta yale madoa makubwa ya buluu ambayo watu hudhani ni mzio. Akisahau dozi, achome anapokumbuka siku hiyo hiyo, asichome mbili kwa mkupuo.

Angalieni kipimo kilichoandikwa. Miligramu 40 mara moja kwa siku ni ya kinga. Ya tiba hupigwa kwa uzito, miligramu 1 kwa kila kilo kila baada ya saa 12. Dawa hii hutolewa na figo, kwa hiyo mwenye kisukari mwenye figo dhaifu hupunguziwa. Ulizeni kreatinini yake ya mwisho, yaani kipimo cha figo, ilikuwa ngapi. Ulizeni pia kuhusu potasiamu: heparini huipandisha, na wengi wenye kisukari wanatumia dawa za presha kama enalaprili au losatani zinazoipandisha pia. Hesabu ya chembe sahani kuporomoka kati ya siku ya 5 na ya 10 ni mzio adimu wa heparini. Unaleta madonge badala ya kuyazuia, na dawa husimamishwa mara moja.

D-dima yangu iko juu

*Nimepona korona wiki tatu zilizopita. Maabara wamesema D-dima ni mara mbili ya kawaida. Nina donge?*

Huenda huna. D-dima ni vipande vya donge lililoyeyushwa, na hupanda kwa maambukizi yoyote, ujauzito, upasuaji, na umri tu. Kazi yake nzuri ni kukanusha: ikiwa chini kwa mtu ambaye uwezekano wake ni mdogo, donge halipo. Baada ya miaka 50 kikomo hupatikana kwa kuzidisha umri kwa 10, kwa maabara zinazotumia kikomo cha 500. Zipo zinazotumia kipimo kingine chenye kikomo cha karibu nusu ya hicho, basi tazama kikomo kilichochapishwa pembeni. Bila dalili, namba hiyo haitibiwi.

Soksi za kubana?

Kwa mwenye kisukari, si kabla ya kupimwa mapigo ya miguu. Soksi ikibana mguu ambao ateri zake zimeziba, na mwenyewe ana ganzi, kidonda kinachimbika bila yeye kujua. Kukunja na kunyoosha nyayo mara 20 au 30 kila saa akiwa macho hakumgharimu kitu.

Natumia warfarini na nimeandikiwa antibiotiki

*Donge langu ni la zamani, INR yangu huwa 2.5. Sasa nina kikohozi na nimepewa kotrimoksazoli.*

Rudi kwa aliyekuandikia kabla hujameza. Kotrimoksazoli na metronidazoli hupandisha sana INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda. Klarithromisini na erithromisini pia. Kotrimoksazoli ina la ziada kwako kama unameza glibenklamidi: inaweza kuangusha sukari. Na kama kikohozi ni cha virusi, antibiotiki haina kazi hapo. Ikilazimika, INR ipimwe tena ndani ya siku 3 hadi 5. Kutokula tu kunatosha kuipandisha, kwani vitamini K ya chakula, inayosaidia damu kuganda, imepungua.

Wanaotumia rivaroksabani au apiksabani hawapimi INR, lakini wana mtego wao. Dawa ya korona yenye ritonavi huzifanya zibaki mwilini kwa wingi, na hatari ya kuvuja damu hupanda. Mtaje kila kidonge unachomeza, hata kile ulichokizoea kiasi cha kukisahau.

Chanjo ya mafua itanigandisha damu?

Hapana. Tatizo la madonge lililosikika mwaka 2021 lilihusu chanjo za korona za AstraZeneca na Johnson & Johnson, zilizobebwa na virusi aina ya adeno. Lilikuwa adimu sana, na lilitokana na kingamwili zinazoshambulia protini ya chembe sahani, si na kisukari. Chanjo ya influenza haina mbebaji huyo. Hutolewa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na mwenye kisukari yumo katika orodha ya wanaotangulia. Sukari inaweza kupanda kidogo kwa siku moja au mbili. Pima kama kawaida.